Moshi: Wasusi tele, mafundi wachache

INAPOKARIBIA Krismasi, magari kutoka Dar es Salaam hupanda kuelekea Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, na saluni za mjini Moshi hufurika. Kuna harusi, ubatizo na sherehe za kumuaga binti. Ndipo mteja anapogundua kwamba wasusi ni wengi, lakini anayejua kutia dawa bila kuunguza ngozi ni mmoja, naye ana foleni hadi usiku.

Kusuka watu hujifunza nyumbani, kwa dada na shangazi. Dawa ya kulainisha nywele ni jambo jingine. Baadhi ya dawa hizo zina hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda ileile ya kutengenezea sabuni. Ikizidishiwa muda, au ikipakwa juu ya mchubuko, kichwa huungua na nywele hukatika. Ujuzi huo hauji kwa kutazama tu, unahitaji mwalimu.

Na hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Wasusi wengi hawana mshahara. Hulipwa kwa kichwa, wakigawana fedha na mwenye saluni. Saa ya kumfundisha mwanagenzi ni saa isiyolipwa. Mwanagenzi naye akishaiva hupanga fremu mtaa wa pili na kuondoka na wateja, au hupanda basi la Arusha. Mwenye saluni aliyekwisha kuumwa hivyo mara moja hufundisha nusunusu: kuosha, kukausha, kufagia. Ni vigumu kumlaumu.

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, hufundisha ususi na urembo katika baadhi ya vyuo vyake, lakini kozi hutaka ada na miezi isiyo na kipato. Aidha, tangu 2021 tozo ya kuendeleza ujuzi hudaiwa waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10. Saluni ya viti vitatu haimo.

Amri ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya biashara ya saluni, isipokuwa hotelini au kwa ajili ya utalii. Iliwaachia raia nafasi, haikumfundisha mtu. VETA pia hupima na kuwapa vyeti waliojifunzia kazini, hatua nzuri kwa fundi, ingawa aliyemfundisha hapati kitu.

Kwa sasa, mteja wa Desemba aulize kwanza ni nani atakayemtia dawa, na asikune kichwa siku moja kabla.