Upepo Tunaoulaumu Ndio Unaotulisha

Kwetu Namswea, usipa wakipanda bei sokoni, wa kwanza kulaumiwa ni upepo: ziwa limechafuka, wavuvi hawajaingia majini. Ni kweli. Ila nilipoanza kusoma jiografia hapa chuoni, niligundua tunaulaumu upepo unaotulisha.

Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700, lakini maji yake hayachanganyiki yote. Jua hupasha yale ya juu. Msimu wa joto yanafika nyuzi 28 hivi, wakati kule chini ni kama nyuzi 23 mwaka mzima. Maji ya moto ni mepesi, kwa hiyo yanaelea juu ya yale ya baridi. Katikati kuna tabaka ambapo joto linashuka haraka, na tabaka hilo ni kama kifuniko.

Utasema nyuzi tano ni kitu gani? Kumbe maji kadiri yalivyo na joto, ndivyo kila nyuzi moja inavyozidi kuyafanya mepesi. Nyuzi tano za huku kwetu zinatenganisha maji kuliko nyuzi tano za ziwa la nchi za baridi.

Sasa, vijimea vya majini vinahitaji mwanga, ambao uko juu, na mbolea, yaani naitrojeni na fosforasi, ambayo inazama pamoja na mabaki ya viumbe. Chini ya mita 250 hivi hakuna hata oksijeni, samaki hawaishi. Chakula kiko stoo, mlango umefungwa.

Mwenye ufunguo ni upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki unasukuma na kupoza maji ya juu. Kifuniko kinalegea, mbolea kiasi inapanda. Vijimea vinaongezeka, vijidudu vinavila, usipa wanakula vijidudu, na sisi tunakula usipa.

Hofu yangu ni hii: maji ya juu yakizidi kupata joto, kifuniko kinakaza, na upepo uleule unachanganya kidogo tu. Kwa jirani yetu Ziwa Tanganyika, watafiti walishaonyesha jambo hilo mwaka 2003: joto limeongezeka, uchanganyikaji umepungua, na chakula cha samaki pia.

Walimu wenzangu watarajiwa, ukipangiwa mazoezi ya kufundisha Mbamba Bay au Liuli, usiishie kuchora bahari za mbali ubaoni. Chukua glasi ya maji ya uvuguvugu, mimina taratibu pembeni maji ya baridi yenye rangi. Yatazama. Kisha waulize wanafunzi bei ya usipa.