"Mjusi" wa silangani hana sumu

Kila mvua za Novemba zinapojaza silanga za Kitui na Makueni, madaktari huulizwa swali lile lile: je, yule mjusi mdogo wa majini, mwenye mkia na miguu minne, ana sumu? Wengi wenu mtakwenda nyumbani Krismasi na huenda mkamwona. Watoto wa mjini ndio humwogopa zaidi.

Mnyama wa umbo hilo yupo kweli duniani, na jina lake ni salamanda. Lakini barani Afrika hupatikana kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Algeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili. Yule wa silangani ni kiluwiluwi, mtoto wa chura, aliyekaribia kuwa mkubwa.

Maisha yake ni ya mbio kwa sababu maji yenyewe hayakawii kukauka. Akitoka yaini hupumua kwa matamvua kama samaki. Miguu ya nyuma huonekana kwanza, ya mbele hufuata. Kwa salamanda huwa kinyume. Kisha kwa siku chache huwa na miguu minne pamoja na mkia, wala hali kitu, kwani mwili wake unautumia ule mkia kuwa chakula. Kiangazi kikifika, aina kadhaa za vyura wa nyanda hizi hujizika ardhini kungoja mvua nyingine.

Kinachoamrisha mageuzi hayo ni homoni ya tezi ya shingoni, ile ile tuliyo nayo sisi. Mwaka wa 1912 mtafiti Gudernatsch alilisha viluwiluwi tezi ya farasi, nao wakageuka vyura kabla ya wakati wao. Mtoto mchanga akiikosa homoni hiyo ubongo wake haukui sawasawa. Hiyo ni sababu mojawapo ya chumvi yetu kutiwa iodini.

Kwa hivyo usimuue. Wala chura haleti chunjua. Hizo huletwa na virusi vya binadamu. Ila chura wa nchi kavu mwenye vinundu mgongoni ana sumu katika ngozi, kwa hivyo mtoto akimshika, anawe mikono.

La kuogopwa ni lile lisiloonekana. Maji yaliyo wazi kiasi cha chura kutaga ndani yake yako wazi pia kwa kinyesi cha punda, ng'ombe na watu. Homa ya matumbo na kuhara hupitia humo. Yachuje kwa kitambaa safi, kisha uyachemshe mpaka yatokote. Maji ya kuchimba mchangani mtoni huwa afadhali, lakini nayo pia yachemshwe.

Kuogelea ni jambo jingine. Kichocho huenezwa na konokono wa majini, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Mtoto aliyeoga silangani akikojoa damu wiki au miezi baadaye, au akiwa na damu katika choo, mpeleke hospitalini umweleze daktari alioga wapi. Dawa ipo, na mara nyingi humezwa siku moja tu.