Biakabutuka: Mtoto wa Kinshasa aliyekimbia mita 286 kwa siku moja, miguu ikamkatisha mapema

KUANZIA Manyovu mpakani na Burundi, ukapita Kasulu mpaka Kibondo, ukitaja mpira kila mtu anajua ni Simba, Yanga na siku hizi Mashujaa pale Lake Tanganyika. Lakini maelfu ya Wakongo waliokuwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, wamehamia Marekani. Kule mtoto akiaga kwamba anakwenda mazoezi ya futiboli, mama ajiandae: huenda ni ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai.

Kwa hao, na kwa kinda yeyote anayeota kula kwa miguu yake, stori ya Tshimanga Biakabutuka ni ya kuijua. Jina lenyewe ukilisikia Kigoma huulizi mara mbili mwenyewe katokea wapi.

KAZI YAKE ILIKUWAJE?

Biakabutuka alikuwa raningi beki, yaani mkimbiza mpira. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita tisa hivi. Kotabeki anamkabidhi mpira mkononi, naye anatafuta upenyo katikati ya mijitu mingine ina kilo zaidi ya 130.

Mfikirie winga anayekumbatiwa na mabeki watatu kwa mpigo, anaangushwa chini, na refa hampi mtu kadi. Anainuka, anapewa mpira tena. Hiyo ndiyo kazi.

SIKU YA MAAJABU

Alizaliwa Kinshasa Januari 24, 1974. Akiwa bado mdogo familia yake ilihamia Longueuil, jirani na Montreal, Canada, na huko ndiko alikojifunza mchezo huu. Akapita Chuo cha Vanier, kisha akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

Novemba 25, 1995, Michigan iliikaribisha Ohio State, watani wao wa jadi. Kwa huku kwetu hiyo ni dabi ya Kariakoo, ila uwanjani wako zaidi ya watu 100,000. Ohio State walikuja hawajapoteza mechi msimu mzima, na walikuwa na mkimbiza mpira anayetajwa kila kona, Eddie George.

Siku hiyo Biakabutuka alipewa mpira mara 37 na kukimbia yadi 313, sawa na mita 286. George aliambulia yadi 104. Michigan wakashinda 31-23 na ndoto ya Ohio State ikafia pale pale. George alikuja kubeba tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo mwaka huo, lakini ukiwauliza watu wa Michigan nani alikuwa mwamba siku ile, jibu unalijua.

Msimu huo alimaliza na yadi 1,818, rekodi ya chuo hicho. Na hakuwa analipwa mshahara. Wakati ule mchezaji wa chuo alipewa ufadhili wa masomo, basi.

PESA IKAJA NA MAUMIVU

Aprili 1996, Carolina Panthers walimchagua akiwa mchezaji wa nane katika usajili wa vijana wa Ligi Kuu ya Marekani, NFL. Kwa mamia ya vijana wanaogombewa kila mwaka, namba nane si mchezo.

Alicheza mechi nne tu msimu wa kwanza, goti likamtoa. Kiti hakikukaa wazi: Anthony Johnson aliingia na kukimbia zaidi ya yadi 1,000, na Panthers wakafika hatua moja kabla ya fainali kubwa, Super Bowl. Biakabutuka aliishia kutazama.

Alirudi, akaumia, akarudi tena. Msimu wake bora ulikuwa 1999, yadi 718. Oktoba 2001 akaumia vibaya mguu na hakucheza tena. Alikuwa na miaka 27, umri ambao straika wa soka ndio kwanza anasaini mkataba mnono.

Piga hesabu uone. Miaka sita NFL ilimpa yadi 2,530. Ule msimu mmoja wa chuo pekee ni karibu robo tatu ya hizo. Siku zake bora zilikuwa za bure. Alipoanza kulipwa, mwili ulishaanza kudai.

SOMO KWA VIJANA WETU

Biakabutuka hakuishia mtaani. Aliingia kwenye biashara ya migahawa huko Marekani, na maisha yakaendelea bila helmeti.

Mwaka aliosajiliwa, 1996, ndio mwaka Nyarugusu ilifunguliwa kupokea waliokimbia vita mashariki mwa nchi aliyozaliwa. Watoto waliozaliwa kambini humo leo wako kwenye shule za Marekani, wengine wana mbio na kifua cha kutosha. Makocha watawaona tu.

Wakiitwa, waende. Ila shule waliyopewa kwa ajili ya mpira waisome kweli, maana ndiyo sehemu ya malipo ambayo goti haliwezi kuichukua. Na dogo anayechezea timu ya mtaa Manyovu, akisubiri kuonwa na Mashujaa, naye asitupe daftari. Raningi beki au winga, miguu ni ile ile miwili.