Kwa nini wimbo wa intaneti hugoma kwenye redio ya memori kadi

HUENDA mkazi wa Mazingara, wilayani Handeni, akapata wimbo mpya kwenye intaneti, akaupakua kwa fedha yake, akauweka kwenye memori kadi, lakini redio ndogo aendayo nayo shambani ikakaa kimya. Mara nyingi redio hiyo si mbovu.

Sauti huhifadhiwa kwa miundo tofauti. Redio nyingi za bei nafuu husoma MP3, muundo ulioendelezwa nchini Ujerumani. Faili za M4A huzishinda. Kubadili jina la faili hakusaidii. Ni lazima igeuzwe kwa programu maalumu.

Kadi nayo huweza kuwa chanzo. Zinazozidi GB 32 kwa kawaida hutoka kiwandani na mfumo wa exFAT, ilhali vifaa vingi vya zamani hutambua FAT32 pekee.

Kikwazo cha tatu ni kufuli la kibiashara. Apple iliziondolea kufuli nyimbo za duka lake la iTunes mwaka 2009, lakini huduma za kulipia kwa mwezi zinalo hadi leo: wimbo uliohifadhiwa humo hauhamishiki kwenye kadi.

Hivyo, kabla ya kumaliza salio, ni vema kuuliza kwanza: wimbo huu ni MP3, na utatoka ndani ya simu?