Mafuta Ghafi Yaliyochakaa Baharini: Harufu Huisha, Sumu Hubaki

Mafuta ghafi yanapomwagika baharini, vipimo vya kwanza vya mwananchi ni macho na pua. Harufu kali ikiisha na utando mweusi ukitoweka juu ya maji, wengi huamini kuwa hatari imepita. Kwa samaki wakubwa wenye uwezo wa kuogelea mbali, imani hiyo ina ukweli kiasi. Kwa mayai ya samaki na viinitete vilivyomo, ni imani ya hatari, kwani mafuta yaliyochakaa yana sumu ya namna nyingine, inayofanya kazi polepole na kwa muda mrefu.

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya kemikali. Zilizo nyepesi, kama benzini na tolueni, ndizo zenye harufu kali na ndizo huua viumbe vya majini katika saa na siku za mwanzo. Kemikali hizo hupeperuka hewani upesi. Wakati huohuo mawimbi huyachanganya mafuta na maji yakawa rojo zito la rangi ya kahawia, jua huyabadilisha, na bakteria huanza kuyala. Mabadiliko hayo yote kwa pamoja ndiyo huitwa kuchakaa kwa mafuta.

Kinachobaki ni sehemu nzito, zikiwemo hidrokaboni za aromatiki zenye pete tatu au zaidi. Kiasi chake kinachoyeyuka majini ni kidogo, lakini kwa uzito uleule, sumu yake kwa viinitete huzidi ile ya kemikali nyepesi zilizopeperuka. Sababu ni kwamba kemikali hizo huyeyuka katika mafuta kwa urahisi kuliko katika maji. Hupenya ngozi ya yai na kujikusanya ndani ya kiini, ambacho kina mafuta na ndicho akiba ya chakula cha kiinitete.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitokana na ajali ya meli ya Exxon Valdez, iliyogonga mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, jimbo la Alaska nchini Marekani, Machi 24, 1989, na kumwaga takribani lita milioni 42 za mafuta ghafi. Katika eneo hilo samoni waridi wengi hutaga mayai kwenye changarawe za midomo ya mito, mahali ambapo maji ya bahari hujaa na kupwa. Kwa miaka kadhaa baada ya ajali, mayai yaliendelea kufa kwa wingi zaidi katika mito iliyochafuliwa kuliko katika mito iliyosalimika.

Wanasayansi wa serikali ya Marekani walikuza mayai ya samoni katika maji yaliyopita kwenye changarawe zilizopakwa mafuta yaliyochakaa. Walibaini kuwa hidrokaboni hizo zilileta madhara hata zilipofikia mikrogramu moja tu katika lita moja ya maji. Viinitete vilijaa maji kuzunguka moyo, na vingine vilipinda uti wa mgongo. Hata waliozaliwa wakiwa na sura ya uzima waliathirika, kwani waliorejea kutoka baharini wakiwa wakubwa walikuwa wachache kuliko wenzao ambao hawakuguswa na mafuta.

Baada ya mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon kulipuka katika Ghuba ya Mexico mwaka 2010, tafiti zilionesha kuwa mafuta yaliyomwagika yalivuruga mwendo wa potasiamu na kalsiamu katika chembe za moyo wa jodari. Chembe hizo zinapokosa mpangilio huo, moyo hauwezi kupiga sawasawa.

Suala hili linaihusu pia Afrika Mashariki. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda, limepangiwa kuishia Chongoleani mkoani Tanga, ambako mafuta yatapakiwa melini. Pwani ya Tanga ina mikoko, matumbawe na hifadhi ya bahari inayomlinda silikanti, samaki wa kale na adimu. Katika maji ya joto kemikali nyepesi hupeperuka haraka zaidi, lakini jua kali huongeza sumu ya mabaki kwa vifaranga vya samaki ambavyo miili yake hupenya nuru. Aidha, mafuta yakizama katika tope la mikoko lisilo na hewa, huoza polepole mno. Huko Alaska, uchunguzi wa mwaka 2001 bado uliyakuta mafuta yakiwa yamefukiwa chini ya mawe ya fukwe, miaka 12 baada ya ajali.

Kwa hiyo, mafuta yaliyofika ufukweni hayapaswi kufukiwa mchangani, bali yaondolewe kwa utaratibu na wataalamu. Vipimo vya maji, tope na mayai ya samaki vinahitaji kuchukuliwa kabla ya ajali yoyote, ili pawepo kitu cha kulinganisha, kisha viendelee kwa miaka baada ya usafi kukamilika. Mvuvi anayeona madonge ya lami ufukweni anashauriwa kutoa taarifa kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani au kwa ofisa uvuvi wa eneo lake, hata kama madonge hayo ni makavu na hayanuki tena.