HEWA IKIPOTEA NJIA KIFUANI

Ndugu msomaji, hewa ni uhai. Lakini je, wajua kwamba hewa hiyo hiyo ikikaa pasipo pake kifuani yaweza kumuua mtoto?

Pafu limezungukwa na tando mbili nyembamba: mmoja umelishika pafu, wa pili umeshikamana na mbavu. Katikati mna umajimaji kidogo tu, wala hamna hewa. Hivyo ndivyo pafu linavyobaki limetanuka. Likitoboka, hewa huvuja ikajaa hapo katikati, nalo pafu hunywea kama mpira uliotoboka. Madaktari huiita hali hii nyumothoraksi.

Nani hupatwa? Kwanza ni mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake au anayepumulia mashine. Pili, mtoto mwenye nimonia kali au pumu. Tatu, aliyeumia kifua ajalini. Nne, na hapa vijana wenzangu tegeni masikio, ni kijana mrefu mwembamba, hasa wa kiume, asiye na ugonjwa wowote! Hushikwa ghafla, hata akiwa ameketi tu darasani. Sigara nayo huzidisha hatari.

Dalili ni kichomi cha ghafla upande mmoja, kuhema na moyo kwenda mbio. Mtoto mchanga hupumua upesi huku akiguna. Daktari akigonga kifua, upande ule hulia kama ngoma. Akisikiliza kwa stetoskopu, chombo alichobuni Mfaransa Laennec mwaka 1816, husikia pumzi kwa mbali sana. Picha ya eksirei huthibitisha.

Hewa ikiwa kidogo, mgonjwa huangaliwa tu hospitalini mpaka iishe yenyewe. Ikiwa nyingi, hutiwa mrija kati ya mbavu, ncha ya pili ikazamishwa katika chupa ya maji. Hewa hutoka kwa mapovu lakini hairudi, kwani maji yameziba njia. Hatari kubwa ni pale hewa inapozidi kuingia kila pumzi bila kutoka. Hapo moyo husukumwa kando, na dakika chache tu zaweza kumaliza mtu.

Basi mwenzako bwenini akilalamika hivi, usimwambie, "Wacha kujifanya, unakwepa prepu!" Kimbia kwa mwalimu wa zamu, mgonjwa afikishwe hospitali usiku huo huo. Kumpa tembe ya maumivu na kungoja asubuhi si msaada. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.