Nilituma cheti cha mama kwenye kundi la ukoo, mtaa mzima ukajua

Mama yangu ni mama lishe. Kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akiamka saa 10 alfajiri kuwasha mkaa, na ikifika saa 1 asubuhi wateja wanakuwa wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri chai na chapati. Mwaka jana, kwa wiki tatu, mabenchi yale yalikaa karibu matupu. Aliyewafukuza wateja ni mimi mwanawe, kwa simu yangu.

Ilianza kwa nia njema. Mama alipimwa akakutwa na maambukizi ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Daktari alitaka vipimo zaidi, na fedha hazikutosha. Nikakipiga picha cheti cha maabara, nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kuandika: "Ndugu zangu, mama anaumwa, tumchangie." Michango ilianza kuingia siku hiyohiyo. Cheti nacho kikaanza safari yake.

Binamu yangu alikituma kwa wanakwaya wenzake ili wamwombee mama. Mwanakwaya mmoja akakipeleka kwenye kundi la kikoba. Siku ya tano, mteja wa siku zote alimsogelea mama na kumwambia kwa sauti ya chini: "Mama, nimeiona karatasi yako. Pole sana. Ila ungepumzika kidogo na mambo ya kupika."

Kwenye karatasi hiyo palikuwa na jina lake kamili, umri, namba ya simu na majibu ya kipimo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hofu ya wateja haikuwa na msingi. Virusi vya homa ya ini aina ya B haviambukizwi kwa kula pamoja, kuchangia sahani wala kushikana mikono. Huambukizwa kupitia damu na majimaji mengine ya mwili: kwa ngono isiyo salama, kuchangia sindano au nyembe, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Chanjo yake ipo. Lakini cheti husafiri peke yake, hakiongozani na daktari wa kuyaeleza hayo.

Kwa nini picha haikamatiki

Wengi tumeona maelezo kwamba ujumbe wa WhatsApp umefungwa, na hakuna mtu wa katikati anayeweza kuusoma. Ni kweli. Lakini ulinzi huo ni wa njiani tu. Picha ikishafika kwa mpokeaji, yeye ndiye mwenye uamuzi.

Mara nyingi picha hujihifadhi yenyewe kwenye simu yake, na huenda ikanakiliwa pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu hiyo ikiuzwa bila kufutwa, ikiazimwa na mtoto au ikiachwa kwa fundi, cheti cha mama yako kimo humo.

Tangu mwaka 2019, WhatsApp imeweka kikomo: ujumbe hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya watu au makundi 5 kwa mkupuo mmoja. Lakini piga hesabu. Watano wakituma kwa watano kila mmoja, ni 25. Hao nao wakifanya hivyo, ni 125. Na baadhi ya hao wanaweza kuwa makundi yenye watu mia.

Kufuta nako kuna mipaka. Ukichagua kufuta kwa wote, unaufuta ujumbe pale ulipoutuma wewe, si kule wengine walikoupeleka. Tena muda wa kufanya hivyo ni zaidi kidogo ya siku mbili. Mimi nilikumbuka siku ya tano. Maji yakimwagika hayazoleki.

Cheti ni cha nani?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Muuguzi na daktari nao wanabanwa na maadili ya kazi yao kutunza siri ya mgonjwa.

Lakini siri ya mama haikuvujia hospitali. Ilivujia nyumbani, kwa mtoto aliyedhani kwamba kumpenda mzazi kunampa haki ya kusimulia ugonjwa wake.

Kabla ya kutuma

Muulize mgonjwa kwanza, hata kama ni mzazi, mwenza au mtoto mkubwa. Muulize nani aambiwe na aambiwe kiasi gani.

Unaweza kuomba mchango bila cheti. Taja kiasi kinachohitajika. Ndugu anayekuamini atachangia.

Ikilazimu kumtumia daktari, mtumie yeye peke yake. Ziba jina na namba ya simu, kisha umweleze ni cheti cha nani. Unaweza kutumia picha ya kutazamwa mara moja, ila ujue kuwa simu nyingine inaweza kuipiga picha hiyo.

Na ukitumiwa cheti cha mtu, kiishie kwako.

Nilipomwomba mama msamaha, hakunifokea. Alisema tu: "Mwanangu, ungeniuliza. Ningekwambia nani wa kumwambia." Wateja wamerudi taratibu, si wote. Binamu yangu sasa hunywa chai pale kila Jumamosi, na anayeuliza anamweleza jinsi ugonjwa huo unavyoambukizwa na usivyoambukizwa.

Safari hii nilimsomea mama makala yote kabla ya kuipeleka kwa mhariri. Alikubali itoke, ila aliniambia niondoe jina la mtaa. Nimeliondoa.